Dedan Kimathi na Kalamu Yake

Wengi wetu tukitajiwa Dedan Kimathi hufikiria bunduki na nywele za msokoto. Mimi nataka kuwasimulia silaha yake nyingine tunayoisahau, yaani kalamu.

Kimathi wa Waciuri alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 kijijini Thenge, Tetu, hapa kwetu Nyeri. Alisoma Karuna-ini, kisha Tumutumu, akakipenda sana Kiingereza. Alifanya kazi nyingi, ukiwemo ualimu, na baadaye akawa katibu wa tawi la chama cha KAU huko Ol Kalou. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, haukupita muda akaingia msitu wa Nyandarua.

Huko kulikuwa na shida kubwa. Vikosi vilikuwa vingi, tena vilihamahama kila mara. Vingine vilikuwa Mlima Kenya chini ya Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, na katikati ni mashamba yaliyojaa askari. Serikali ilikuwa na redio, na ndege zilizoangusha vikaratasi na kupaza sauti juu ya miti. Wapiganaji je? Walikuwa na miguu tu!

Kimathi aliandika barua na kumbukumbu za mikutano bila kuchoka. Matarishi walizibeba usiku, na nyingine zilifichwa katika mashimo ya miti. Wanawake na watoto vijijini nao walipitisha habari.

Mwalimu wetu wa kompyuta alitueleza kwamba katika mtandao wa simu, ujumbe wa watu wengi haufai kubebwa mara mia katika njia ileile. Hubebwa mmoja hadi njia panda, ndipo hutolewa nakala. Tena mpokeaji akihama kutoka mnara mmoja hadi mwingine, sharti mtandao ujue aliko. Nikajiambia, kumbe hii ndiyo shida ya Kimathi! Barua moja ilimfikia kiongozi wa kikosi, naye akawapasha watu wake. Lakini tarishi akikuta kambi imehama, majivu yamepoa, hebu niambie, atampa nani?

Mnamo Februari 1954 wapiganaji waliunda Bunge la Kenya msituni, Kimathi akawa waziri mkuu. Hata hivyo, Itote alikuwa ameshakamatwa Januari. Baadaye raia walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, na handaki refu likachimbwa kando ya msitu. Njia za habari na chakula zikakatika. Stanley Mathenge naye walikuwa wamefarakana. Simsifu Kimathi kwa kila jambo, kwa maana vita vile viliua raia wengi pia, na baadhi ya wenzake walimwona mkali mno.

Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 ukingoni mwa msitu baada ya kupigwa risasi, akiwa amebaki na watu wachache mno. Alishtakiwa papa hapa Nyeri kwa kupatikana na bastola, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Leo nje ya mji wetu kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Naona jina limepata mahali pake. Jeshi lake halikuishiwa na ujasiri. Lilikatiwa njia za kusikilizana. Basi, wanachama wenzangu, tusidharau barua wala kumbukumbu za mikutano ya chama chetu. Katibu naye ni askari!