Mutesa, Kabaka wa Buganda, na Mlango wa Ubatizo

Katika bonde hili la Kilombero mzee mwenye wake wengi ajapo kuomba ubatizo, mwalimu huona uzito moyoni. Jambo hili si geni. Tumeona vema tuwasimulie habari za Mutesa.

Mutesa alianza kutawala Buganda mwaka 1856. Kwanza aliifuata dini ya Kiislamu, akafunga Ramadhani, ila hakukubali kutahiriwa. Mwaka 1875 alifika Stanley, akamweleza habari za Kristo, na barua yake ikawaita wamisionari wa Uingereza. Wa kwanza walifika mwaka 1877. Mwaka uliofuata akaja Alexander Mackay, aliyesoma Injili barazani kwa Kiswahili. Mapadre Wafaransa wakafika mwaka 1879.

Kabaka alisikiliza, akauliza mengi, akataka kubatizwa. Lakini kwa pande zote mbili sharti lilikuwa mke mmoja. Neno hilo lilikuwa zito, maana koo za Buganda zilimpa binti zao, na mtoto wa Kabaka huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Kuwaacha wake hao kulikuwa kuikata kamba iliyofunga ufalme. Tena Mutesa aliwapima wageni wote kwa faida ya kiti chake. Basi akafa mwezi wa Oktoba 1884 bila kubatizwa, akazikwa Kasubi.

Maandiko yasemaje? Yakobo na Daudi walikuwa na wake wengi, na Wamormoni wa Marekani waliishika mifano ya namna hiyo kuwa ruhusa, hata mwaka 1890 mkuu wao alipotangaza kuiacha desturi hiyo. Lakini katika Mathayo 19 Bwana wetu aturudisha mwanzo, kwa mume mmoja na mke mmoja. Nasi tusisahau kwamba katika sura iyo hiyo akataza mtu kumwacha mkewe.

Kwa hiyo maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1888 walikataa kumbatiza mume wa wake wengi, ila wake zake waweza kubatizwa pengine. Mwaka 1988 walikubali abatizwe pamoja na wake zake waaminio, asilazimishwe kumwacha hata mmoja, mradi aahidi kutooa tena wakiwa hai.

Basi, waalimu, mzee wa namna hii ajapo kwenu, mfundisheni wazi shauri la Mungu tangu mwanzo. Kisha mwulizeni habari za mke yule wa pili au wa tatu: akiondolewa nyumbani, atalima mpunga katika shamba la nani, na watoto wake watalala wapi? Bwana awape hekima.