Msoma Habari Aliyefichwa Uso

Yafaa wafanyakazi wamkumbuke Max Robinson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa katika mji wa Richmond, Virginia, mwaka 1939, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma habari katika televisheni.

Mwaka 1959 alikwenda kuomba kazi katika kituo kimoja cha televisheni mjini Portsmouth, katika jimbo hilo hilo. Kazi ile ilikuwa imewekewa watu weupe tu. Lakini alishikilia ajaribiwe, akajaribiwa, akaipata. Ndipo wakubwa wa kituo wakafanya hila. Kila aliposoma habari, watazamaji walionyeshwa nembo ya kituo, naye akasitirika nyuma yake. Sauti waliitaka, mwenye sauti hawakumtaka. Siku moja, ili jamaa zake wapate kumwona, aliamuru nembo ile iondolewe. Watu wakamwona. Kesho yake akafukuzwa kazi.

Sisi twasema kwamba anayeitumia kazi ya mtu huku akimwonea haya mtu mwenyewe, humnyima heshima yake, hata kama mshahara amemlipa.

Robinson hakukata tamaa. Alihamia Washington, na tangu mwaka 1969 alikuwa msoma habari wa kituo cha WTOP, uso wake wazi mbele ya mji mzima. Mwaka 1975 alikuwa miongoni mwa waliounda chama cha waandishi wa habari weusi wa nchi hiyo. Mwaka 1978 shirika la ABC lilimfanya mmoja wa wasomaji watatu wa habari zake za jioni, naye akizisoma kutoka Chicago. Hakuna mtu mweusi aliyemtangulia katika cheo hicho kwenye mashirika makubwa ya Marekani. Wala cheo hakikumfunga mdomo: mwaka 1981 alilaumu hadharani ubaguzi wa mashirika hayo, na lake likiwamo. Hatusemi kwamba hakuwa na kasoro. Pombe ilimdhuru sana.

Alifariki tarehe 20 Desemba, 1988, akiwa na umri wa miaka 49, kwa ugonjwa wa UKIMWI. Alipokuwa hai aliuficha, kwani aibu yake siku zile ilikuwa kubwa. Lakini alitaka kifo chake kiwe fundisho, ili watu weusi wajue kujikinga. Basi hata nembo hiyo nayo aliiondoa.

Je, sisi wenyewe ni wangapi tunaowatumikisha wenzetu kila siku, na nyuso zao hatuzijui?