Ole Gilisho: Mfugaji aliyemburuta mkoloni mahakamani

Mtu asimamapo katika nyanda za Oldonyiro, magharibi mwa Isiolo, huwa kwenye ukingo wa nchi mbili zisizofanana. Upande mmoja ni malisho ya jamii, ambako wafugaji wa Kisamburu na majirani zao huwapeleka mifugo kwa kufuata mvua. Upande wa pili ni Laikipia, pamoja na mashamba yake makubwa yaliyozungushiwa nyaya. Wengi hudhani mpaka huo uliwekwa na maumbile. Ukweli ni kwamba uliwekwa kwa kalamu, na aliyejaribu kuufuta kwa sheria alikuwa mfugaji asiyejua kusoma wala kuandika.

Mfugaji huyo ni Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi wa Wamaasai wa Purko, ambaye Waingereza walimwandika katika nyaraka zao kwa jina la Legalishu. Alizaliwa miaka ya 1870, kabla ya reli, kabla ya bendera ya Uingereza na kabla ya jina Kenya kujulikana kama jina la nchi. Akiwa bado kijana alishuhudia Wamaasai wakidhoofishwa na sotoka iliyofyeka ng'ombe, ndui iliyoua watu na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwishoni mwa karne ya 19. Hivyo Mwingereza alipofika, alikuta taifa lililokuwa likiuguza majeraha.

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, serikali ilitaka walowezi wa kizungu waje walime na kufuga ili reli ijilipe. Ardhi waliyoipenda zaidi ilikuwa Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha hadi Nakuru, nayo ilikuwa ya Wamaasai. Agosti 1904 mkataba ukatiwa saini. Laibon Olonana alikuwa wa kwanza kwa cheo, na Ole Gilisho, aliyekuwa msemaji wa morani, akaweka alama yake pia.

Kwa mkataba huo Wamaasai waliliacha Bonde la Ufa, wakagawanywa katika hifadhi mbili. Moja ilikuwa kusini mwa reli, na nyingine Laikipia, iliyopakana kaskazini na vilima vya Loroghi. Waliahidiwa kuwa makao hayo yangekuwa yao muda wote ambao kabila lao lingedumu duniani. Waliahidiwa pia njia ya kuziunganisha hifadhi hizo, na eneo la maili 5 za mraba huko Kinangop kwa ajili ya sherehe za jando. Njia hiyo haikutolewa kamwe.

Ole Gilisho alihamia Laikipia pamoja na watu wake, na nchi ikawakubali. Nyasi zilikuwa tamu, maji hayakukauka, na ng'ombe wakaongezeka. Baraka hiyo ndiyo iliyowaponza, kwani haukupita muda mrefu kabla ya walowezi kuitamani Laikipia nayo.

Gavana Percy Girouard alishika hatamu mwaka 1909, na mara moja akaanza kutafuta njia ya kuwahamishia kusini Wamaasai wote. Jaribio la kwanza, mwaka 1910, lilisimamishwa kwa amri kutoka London. Kisha, Machi 1911, Olonana akafariki. Maafisa wa serikali wakatangaza kuwa laibon aliacha usia kwamba watu wa Laikipia wahamie kusini. Waliodai kuusikia usia huo walikuwa wachache, na wanahistoria wameutilia shaka tangu hapo.

Mwezi uliofuata, tarehe 4 Aprili 1911, mkataba wa pili ukawekwa mezani. Olonana alirithiwa na mwanawe Seggi, ambaye alikuwa bado kijana. Ole Gilisho, ambaye awali alikuwa amepinga uhamisho waziwazi, naye akaweka alama yake. Hili ndilo doa ambalo wapinzani wake hawakulisahau, na ndilo fumbo la maisha yake. Alikuwa amekubali kwa shingo upande, mbele ya serikali yenye bunduki, na haukupita muda akaonyesha kwamba moyo wake haukuwa pamoja na alama ile.

Uhamisho ulianza Juni 1911. Makundi ya watu na mifugo yalisukumwa kupandisha safu za Mau, ambako baridi, mvua na msongamano viliua wanyama wengi. Safari ikavurugika na serikali ikalazimika kuisitisha. Ole Gilisho akageuza mifugo yake, akarudi Laikipia. Alipinga pia kwa sababu ya kitaalamu ambayo wafugaji wa leo wataielewa mara moja: kusini kulikuwa na kupe waenezao ndigana, nao ng'ombe wa Laikipia hawakuwa wameuzoea ugonjwa huo.

Badala ya kushika mkuki, Ole Gilisho alichagua njia iliyowashangaza watawala: alitafuta mawakili. Miongoni mwa waliowasaidia Wamaasai alikuwa Norman Leys, daktari Mwingereza aliyekuwa mwajiriwa wa serikali ileile. Daktari huyo aliwaandikia marafiki zake Uingereza kwa siri, hata maswali yakaulizwa bungeni London. Mwaka 1912 Girouard alijiuzulu, baada ya kubainika kuwa alikuwa amewaficha wakubwa wake ahadi za ardhi walizopewa walowezi. Leys naye alihamishiwa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Hata hivyo, uhamisho ulianza upya na kukamilika mwaka 1913. Watu wapatao 10,000 na mamia ya maelfu ya mifugo waliondolewa Laikipia.

Kesi ilisikizwa Mombasa kwa jina la Ole Nchoko, ambaye makarani walimwandika Ol le Njogo, na wenzake saba. Hata hivyo nguzo ya harakati hizo alikuwa Ole Gilisho. Walalamishi walidai kwamba mkataba wa 1904 ulikuwa bado hai, kwamba waliotia saini ule wa 1911 hawakuwa na mamlaka ya kulifunga kabila zima, na kwamba walistahili fidia ya mifugo iliyopotea.

Tarehe 26 Mei 1913 Mahakama Kuu iliitupilia mbali kesi hiyo kwa hoja ya ajabu. Mahakama haikusema kwamba Wamaasai walitendewa haki. Ilisema kwamba nchi hii ilikuwa himaya tu, si koloni kamili, hivyo Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme wa Uingereza bali taifa la kigeni lenye mamlaka yake. Mikataba yao na Uingereza ilikuwa mikataba baina ya mataifa, na mahakama haikuwa na uwezo wa kuiamua. Mahakama ya Rufani iliunga mkono uamuzi huo Desemba mwaka huohuo, na shauri halikufika mbele ya Baraza la Mfalme London.

Kwa maneno mengine, watu waliotozwa kodi, waliohukumiwa na kuhamishwa kwa amri ya gavana, waliambiwa kuwa wako huru mno kiasi cha kutoweza kumshtaki gavana huyo. Hadi leo wanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki huisoma hukumu hiyo.

Ole Gilisho aliishi miaka mingine zaidi ya 20 katika hifadhi ya kusini, akiwa mzee mwenye kuheshimiwa, na akafariki mwaka 1939 bila kuirejea Laikipia kama nchi yake. Laikipia iligawiwa walowezi.

Lakini dai lake halikuzikwa pamoja naye. Mwaka 1962, katika mazungumzo ya katiba jijini London, wajumbe wa Wamaasai walikataa kutia saini kwa sababu ya ardhi. Mwaka 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka 100, Wamaasai waliandamana na wengine wakaingiza mifugo katika ranchi za Laikipia. Polisi wakatumia nguvu, na mzee mmoja akauawa. Mwaka 2017, ukame ulipokaza, wafugaji wakaingia tena katika ranchi hizo, na damu ikamwagika.

Kila kiangazi kinapouma, mchungaji wa Oldonyiro huyatazama majani yaliyo ng'ambo ya waya. Huenda hajawahi kulisikia jina la Ole Gilisho, lakini waya ule ni matokeo ya kesi ambayo hakuna jaji aliyekubali kuisikiliza hadi mwisho.