Ibn Sina na Maradhi ya Nywele

Jina la Ibn Sina si geni kwetu watu wa pwani. Masheikh hulitaja wanapotukumbusha zama ambazo elimu ya utabibu ilikuwa mikononi mwa Waislamu, na nimewasikia wauza dawa wakilitaja pia wanapotaka kutuuzia chupa ya mafuta. Lakini wachache, nadhani, wajuao kwamba bingwa huyu wa falsafa aliketi akaandika pia juu ya nywele zinyonyokazo kichwani. Leo nayasimulia maisha yake kwa kupitia mlango huo, kwa kuwa naona jamaa zetu wengi, wake kwa waume, wakimaliza fedha zao kwa jambo ambalo yeye alilipanga vyema miaka elfu moja iliyopita.

Abu Ali al-Husein bin Abdallah bin Sina alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, nchi ambayo leo ni Uzbekistan. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh, mtumishi wa serikali ya Wasamani. Mtoto alipofika miaka 10 alikuwa amekwisha kuhifadhi Kurani, na kwenye miaka 16 alikuwa akitibu wagonjwa. Ameacha habari kwamba utabibu haukumsumbua. Kilichomtoa jasho ni falsafa ya Aristotle, ambayo kitabu chake kimoja alikisoma mara 40 bila ya kukifahamu, mpaka siku aliponunua sokoni kijitabu cha al-Farabi kwa dirham 3. Kesho yake akatoa sadaka kwa furaha.

Akiwa bado kijana aliitwa kumtibu mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur, na ujira alioutaka ni ruhusa ya kuingia maktaba ya jumba la kifalme. Baadaye baba yake akafariki, dola ya Wasamani ikaanguka, naye akaanza kuhama mji hata mji. Huko Jurjan ndiko alikoanza kuandika Al-Qanun fi al-Tibb. Huko Hamadan alifanywa waziri, askari wakamwasi na kutaka auawe, akajificha, akarudishwa kazini, kisha akafungwa ngomeni miezi 4. Mchana alikuwa na mambo ya serikali, usiku akiwasomesha wanafunzi wake. Akatoroka kwenda Isfahan amevaa nguo za Kisufi.

Katika taabu hizo zote Qanun ilikamilika, juzuu 5. Katika juzuu ya 4 mna mlango wa mapambo ya mwili, na humo nywele zimepewa nafasi kubwa. Ninalolipenda mimi ni kwamba kabla ya dawa aligawanya maradhi. Kunyonyoka kwa nywele akakuweka peke yake, upara peke yake, na yale mabaka matupu, yawezayo kutokea hata ndevuni, akayaeleza chini ya majina ya ugonjwa wa mbweha na ugonjwa wa nyoka. Sababu kwake zilikuwa chakula cha nywele kupungua, vitundu vya ngozi kuwa vipana mno au vyembamba mno, au maji ya mwili kuharibika. Sababu hizo nyingi tumekwisha kuziacha. Mgawanyo wenyewe ungali umesimama.

Tuanze na kunyonyoka. Mtu akitoka katika homa kali, au mama akishajifungua, baada ya miezi 2 au 3 nywele hujaa kitanani mpaka mwenyewe akaogopa. Hapana kijicho hapo wala uchawi. Nywele nyingi zimeingia mapumzikoni kwa pamoja, na aghalabu hurudi zenyewe katika miezi 6 mpaka mwaka, pawe na mafuta au pasiwe. Hapo ndipo muuza mafuta anapojipatia sifa ya bure!

Ugonjwa wa mbweha ni mwengine. Leo twajua kwamba kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoyashambulia mashina ya nywele. Ibn Sina aliagiza baka lisuguliwe kitunguu, na msomaji asicheke, kwani mwaka 2002 madaktari wawili wa Baghdad walichapisha jaribio la maji ya kitunguu, na kati ya wagonjwa 23 waliopakwa, 20 waliota nywele baada ya wiki 6. Jaribio lilikuwa dogo, na maradhi haya mara nyingi hupoa yenyewe, kwa hivyo mimi siapi kwa kitunguu. Daktari wa ngozi ana sindano na dawa zenye nguvu zaidi. Na mtoto mwenye mabaka yenye magamba aghalabu ana mapunye, ambayo ni kuvu. Huyo ataka vidonge kwa wiki kadhaa, na kitana chake kisiguswe na nduguze.

Ama upara wa wanaume, Ibn Sina aliona kwamba matowashi hawaupati, akadhani ni kwa sababu ya unyevu wa miili yao. Jambo lenyewe ni kweli, sababu siyo. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alionyesha kwamba homoni ya kiume ndiyo chanzo, pamoja na urithi wa baba na mama. Dawa ya kupaka ya minoxidil, ambayo awali ilikuwa ya shinikizo la damu, iliruhusiwa Marekani kwa upara mwaka 1988. Mwenye kuitumia angoje miezi 4 au zaidi, asishtuke nywele zikizidi kuanguka mwanzoni, na ajue kwamba akiiacha, alichokipata kitaondoka. Utosi uliokwisha kung'aa miaka mingi hauoti msitu.

Aliandika pia kwamba wanawake hawapati upara. Hapa simfuati. Wanawake nao hupungukiwa na nywele utosini, na misuko ya kubana huvuta nywele za kipaji mpaka zikarudi nyuma. Msuko ukifunguliwa mapema nywele hurudi. Ukiendelea miaka, shina hufa na ngozi ikafunga, wala hapana mafuta yatakayoifungua. Tatizo ni kwamba wengi hulificha chini ya buibui mpaka wakati umekwisha kupita.

Mwisho wa Ibn Sina ulitokana na tumbo. Alikuwa safarini na mtawala wa Isfahan aliposhikwa na msokoto mkali. Akaogopa kuachwa nyuma jeshi likirudi, akajitibu mara 8 kwa siku moja, haraka ambayo nadhani asingemruhusu mgonjwa wake. Matumbo yakafanya vidonda, na aliyemtengenezea dawa akazidisha kipimo. Akapata nafuu kidogo, kisha maradhi yakamrudia njiani kwenda Hamadan. Alipoona mwili umeshindwa aliacha kujitibu, akawaacha huru watumwa wake, akatoa sadaka, akawa akihitimu Kurani kila siku 3. Alifariki katika Ramadhani ya mwaka 428 wa Hijra, yaani 1037, akazikwa Hamadan, ambako kaburi lake hutembelewa hata leo. Mwenyezi Mungu amrehemu.