Khalifa Aliyepunguza Kodi

Sayyidna Umar bin Abdul-Aziz (R.A.) alishika ukhalifa mwezi wa Safar mwaka wa 99 Hijria (717). Wasimulizi wa tarikh wataja kuwa siku ile aliletewa farasi wa msafara wa kikhalifa, naye akaamuru wauzwe na thamani yao itiwe katika Baitul-Mali, kisha akapanda nyumbu wake mwenyewe. Mtu huyu, alipokuwa liwali wa Madina, alikuwa mashuhuri kwa nguo nzuri na manukato. Twalitaja hili kwa makusudi, kwani aliyeiacha anasa hali anayo si sawa na yule asiyepata kuiona.

Alianza nyumbani kwake. Mashamba aliyokuwa nayo kwa kupewa na makhalifa wa jamaa zake aliyarejesha, na mkewe Fatima, binti wa khalifa Abdul-Malik, akatoa vito vyake vikatiwa Baitul-Mali. Banu Umayya walinung'unika sana, wala si ajabu: walikuwa wamezoea kuiona hazina ya umma kuwa ni urithi wao.

Baada ya hayo ndipo alipozigeukia kodi. Huko Yemen, Muhammad bin Yusuf, nduguye Hajjaj, alikuwa amewatwika watu kharaji isiyopungua hata mavuno yakipungua. Umar akaiondoa, akawarejesha kwenye fungu la kumi. Wakristo wa Najran walitakiwa nguo 2,000 kila mwaka, ilhali hesabu yao ilikuwa imeshuka mno. Akawapunguzia zikawa 200. Zawadi za Nairuz na Mihrajan, ambazo kwa kweli zilikuwa ni kodi iliyovishwa jina la hiari, alizikataza.

Lakini jambo kubwa lilikuwa jizya. Maliwali walikuwa wakiitoza hata kwa waliokwisha silimu, wakichelea mapato yasipungue. Kutoka Khurasan, liwali Jarrah bin Abdullah alishauri waliosilimu wapimwe kwa tohara. Umar alikataa, na baadaye akamwuzulu.

Matumizi nayo aliyapunguza. Jeshi la Maslama lililouzingira mji wa Konstantinopoli, likala watu na mali bila ya faida, alilirejesha mwaka wa 718.

Wako wanaosema kuwa aliidhoofisha dola. Sisi twaona miaka miwili na nusu ni michache kwa hukumu hiyo, tena kharaji ya ardhi hakuifuta, na masikini na wenye madeni walilipiwa katika hazina hiyo hiyo.

Alifariki Rajab 101 (720), huko Dair Sim'an katika nchi ya Sham. Yazid wa pili akayarudisha mengi ya zamani. Ifriqiya ilipelekewa liwali Yazid bin Abi Muslim, aliyetaka kuwatwika tena jizya Mabarbari waliosilimu. Askari wa ulinzi wake wakamwua. Watu wakamrejesha liwali wao wa kwanza, na khalifa akaridhia.