Kabla ya programu za simu: Hugh Tracey alivyopima ilimba kwa uma 54

Fundi spika wa Kolo, Kondoa, akitaka kujua spika yake inameza besi au la, siku hizi hahitaji maabara. Anapakua programu ya bure kama Room EQ Wizard kwenye laptop, anachomeka maiki, spika inapiga mlio unaopanda toka chini hadi juu, na grafu inajichora yenyewe.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika kurekodi muziki, ukiwemo wa Wagogo wa Dodoma, grafu hiyo hakuwa nayo. Alikuwa na uma za sauti 54, vile vyuma vya meno mawili wanavyovijua wanafunzi wa fizikia.

Uma wa kwanza ulitetema mara 212 kwa sekunde, wa mwisho 424, kila mmoja ukimzidi mwenzake kwa mitetemo 4. Mpigaji anagusa ulimi mmoja wa ala yake, Tracey anagonga uma, anasikiliza, anabadilisha mwingine mpaka sauti zikubaliane. Anaandika namba. Noti iliyokuwa juu au chini ya hapo aliipata kwa hesabu ya mbili tu: kuzidisha au kugawa.

Kazi ya kuchosha, lakini ilikuwa na maana. Ilimba haikuundwa ifuate piano. Ukiiandika kwa noti za kizungu unainyoosha pasipopinda. Ukiwa na namba, fundi ambaye hajazaliwa anaweza kuiunda tena na kuirudishia sauti ile ile.

Tracey alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1903. Akiwa kijana alikwenda Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kulima tumbaku na kaka yake, na huko akajifunza nyimbo za Wakaranga aliofanya nao kazi shambani. Baadaye akawa mtangazaji Durban. Mwaka 1952, huko Kongo, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini, iliyotoa santuri zaidi ya 200. Alifariki mwaka 1977.

Wapigaji wengi, lakini, walibaki vijijini huku sauti zao zikihifadhiwa kusini, mbali nao.

Kuna jingine la kushangaza. Mtu huyu aliyepima ngazi za Kiafrika kwa subira hiyo yote ndiye aliyetengeneza kalimba ya kuuza duniani, na akaifunga kwa ngazi ya kizungu. Bado inauzwa. Iweke kando ya ilimba ya Mgogo, piga zote mbili: noti kadhaa hazipatani.