Ada, aliyeeleza mashine ambayo haikujengwa

Wewe uliye Takaba na laptopu yako, unaunda programu ya sauti ambayo mwenzako wa Nairobi ataitumia: umemwachia maelezo, ama atakupigia simu usiku wa manane? Hebu mjue Ada Lovelace, aliyezaliwa London mwaka 1815. Mashine mpya ya hesabu ya Charles Babbage ilikuwa michoro tu. Mwaka 1843 Ada alitafsiri makala ya Kifaransa kuihusu, akaongeza maelezo yake, karibu mara tatu ya makala yenyewe! Jedwali lake lilionyesha, hatua kwa hatua, namba gani inaingia na jibu linakaa wapi. Aliona mashine ingeweza hata kutunga muziki. Akatia sahihi A.A.L. tu, basi. Saratani ilimuua 1852, akiwa na miaka 36. Mashine haikukamilika. Maelezo yake yalichapishwa tena 1953, kompyuta zikiwa zimeshafika.